Andika Sentensi Itakayosafiri Peke Yake: Ushauri kwa Maafisa Uhusiano Wanaoanza Kazi

Mwajiriwa mpya katika kitengo cha uhusiano kwa umma hukabidhiwa vitu viwili mapema: nywila za kurasa za taasisi, na faili la taarifa za zamani ambalo anaambiwa alisome ili ashike mtindo wa ofisi. Faili hilo ni hazina nzuri ya kumbukumbu, lakini ni mwalimu mbaya wa lugha. Taarifa nyingi zilizomo ziliandikwa kwa ajili ya mhariri wa gazeti, mtu anayelipwa kuzisoma hadi mwisho na kuchambua lenye maana. Msomaji wa leo hukutana na maneno yako kwenye kioo cha simu, katikati ya picha za harusi na matokeo ya mpira, na mara nyingi halioni chapisho lenyewe bali kipande chake kilichopigwa picha na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi au la majirani. Ndiyo maana kipimo ninachowapa wanaoanza ni kimoja: kila sentensi unayoitoa kwa niaba ya taasisi iweze kueleweka hata ikinyofolewa na kusomwa peke yake, wewe ukiwa haupo kuifafanua.

Chukua taarifa ya kawaida kabisa ya kukatika kwa maji. Chini ya kichwa cha TAARIFA KWA UMMA, mtindo wa faili utakupa hivi: "Menejimenti inapenda kuwataarifu wateja wake wote kuwa, kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wake, kutakuwa na ukosefu wa huduma katika baadhi ya maeneo ya jiji." Hakuna kosa la sarufi hapo, na hakuna habari pia. Maeneo gani, lini, kwa muda gani, na sababu gani hizo? Sasa tuseme umeandika: "Maji hayatatoka Kimara na Mbezi kesho, Jumatano tarehe 14, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, kwa sababu mafundi wanabadilisha bomba kuu lililopasuka." Mtu akiikata sentensi hiyo na kumtumia dada yake, dada atajua ajaze ndoo usiku huu. Jina la menejimenti na heshima zake zinaweza kufuata baadaye. Hakuna atakayezitafuta kwanza. Neno "kesho" lenyewe ni mtego ukiliacha bila tarehe, maana picha ya tangazo huendelea kuzunguka siku tatu baada ya bomba kutengenezwa.

Saa nazo zinahitaji uangalifu ambao vitabu vya masoko vilivyoandikwa kwa Kiingereza havitakufundisha. Tangazo la semina linaloandika "saa 8:00" limewagawa washiriki kabla halijaanza: wapo watakaofika asubuhi wakifuata saa za kompyuta, na wapo watakaofika mchana baada ya chakula, na wote wamesoma sawasawa. Andika "saa 2:00 asubuhi" au "saa 8:00 mchana" kila mara, hata pale unapodhani muktadha unatosha, kwa kuwa muktadha ndio wa kwanza kupotea tangazo linapokatwa.

Jambo jingine la kiufundi linalogharimu fedha ni ujumbe mfupi unaotumwa kwa wateja wengi kwa mkupuo. Watu wa kitengo wanajua kwamba ujumbe mmoja hubeba herufi 160. Wasichojua wengi ni kwamba kiwango hicho ni kwa herufi za msingi za GSM tu, yaani mfumo wa mitandao ya simu za mkononi. Ukiweka alama moja iliyo nje ya orodha hiyo, kwa mfano kikatuni cha uso unaotabasamu, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo wa herufi na ujumbe mmoja hubaki na nafasi 70. Ukizidi hapo, kila kipande huchukua herufi 67. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa mmoja unageuka vipande vitatu, na kwa wateja 20,000 taasisi inalipia vipande 60,000. Mtego huu una sura yake ya Kiswahili. Maneno kama "ng'ara" na "ng'ambo" yana kibainishi, na programu za kuandikia nyaraka hukigeuza kibainishi kilichonyooka kuwa kilichopinda bila kukuuliza. Kilichonyooka kimo katika orodha ya msingi, kilichopinda hakimo. Ukinakili maandishi kutoka kwenye waraka na kuyabandika kwenye mfumo wa kutumia ujumbe, kifute kibainishi hicho na ukiandike upya hapo hapo. Bajeti za kampeni zimewahi kuvuka mipaka kwa sababu ya kialama hicho, na watu wa fedha wasipate wa kumuuliza.

Kwa upande wa kuuza, somo kubwa ni kutumia maneno anayoyatumia mnunuzi anapotafuta. Mtu anayehitaji nyumba huandika "nyumba ya kupanga Sinza", haandiki "makazi bora kwa mtindo wa maisha ya kisasa". Anayetaka intaneti ya simu anatafuta bando, na wengi wameliacha neno "kifurushi cha data" libaki kwenye mabango. Kabla ya kuandika tangazo, soma kwanza maswali yaliyomo kwenye sanduku la ujumbe la ukurasa wenu, kwa sababu wateja wamekwisha kukuandikia nusu ya maneno. Kama tangazo linakwenda Kenya na Tanzania kwa pamoja, mpe Mkenya mmoja na Mtanzania mmoja walisome. "Rununu" na "arafa" ni maneno ya kawaida kwenye taarifa ya habari ya Nairobi, lakini Dar es Salaam watu husema simu na meseji, na tangazo linaloyachanganya husikika la mgeni pande zote mbili.

Bei niiseme bila kuzunguka. Tabia ya kuficha bei na kumjibu kila anayeuliza "karibu inbox mpendwa" imeenea hadi kwenye kampuni zenye maduka na risiti. Najua hoja yake: muuzaji anataka mazungumzo, na hataki mshindani aione bei. Ila msomaji wa kumi anayekuta watu tisa wameuliza swali lile lile bila jibu hafikirii mkakati wenu wa mauzo. Anafikiri bei inategemea sura ya anayeuliza. Andika bei. Kama inabadilika kwa ukubwa au kwa umbali wa kupeleka mzigo, taja ya kuanzia na kinachoibadilisha. Vivyo hivyo kwa msemo wetu maarufu, "vigezo na masharti kuzingatiwa". Sharti linalobadilisha maana ya ofa halifai kukaa chini kwa herufi ndogo, maana chini ndiko kunakokatwa: ofa itasambaa na sharti litabaki kwako, kisha wateja watakuja kaunta wakiwa na picha mkononi.

Mahali ambapo lugha hupimwa kweli ni siku ya tatizo. Tarehe 9 Aprili 2017, katika uwanja wa ndege wa O'Hare mjini Chicago, abiria aliyekataa kuachia kiti chake katika ndege ya United Airlines iliyokuwa ikienda Louisville aliburutwa na maofisa wa usalama, na abiria wenzake wakarekodi kwa simu. Kesho yake mkurugenzi mtendaji, Oscar Munoz, alitoa taarifa iliyoomba radhi kwa kulazimika kuwapangia abiria utaratibu mwingine wa safari. Umma ulikuwa umekwisha kuona uso wenye damu. Tarehe 11 ikatoka taarifa nyingine, iliyokiri wajibu kikamilifu na kusema hakuna anayepaswa kutendewa namna ile. Ya pili ilikuwa nzuri, lakini ya kwanza ndiyo iliyonyofolewa na kudumu. Linganisha na Februari 2018, KFC ilipofunga mamia ya migahawa yake Uingereza kwa kuishiwa kuku baada ya kubadilisha msambazaji: tangazo lake la gazetini lilikiri waziwazi kwamba mgahawa wa kuku usio na kuku si jambo zuri, na likaweka utani juu yake. Utani ule ulikubalika kwa kuwa hasara ilikuwa mlo uliokosekana. Ungekuwa wa kuchukiza kama mtu angeumia.

Sisi tuna sentensi yetu ya kujikinga: "Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza." Neno "wowote" linaonesha kwamba taasisi bado haijakubali kama usumbufu upo, wakati mteja amekaa gizani tangu jana. Kiswahili kinakupa njia bora zaidi, kwa sababu kinatenganisha pole na radhi. Pole unaitoa mara tu unapojua watu wanaumia, hata kabla chanzo hakijajulikana, na mwanasheria wenu hana sababu ya kuizuia, kwani mpita njia naye hutoa pole. Radhi inaombwa pale taasisi inapokubali kwamba kosa ni lake, na hapo mtenda atajwe: "tulichelewa kuwajulisha", si "kulitokea ucheleweshwaji wa taarifa".

Kukanusha uzushi kunahitaji ufundi wake. Kanusho linaloanza kwa kurudia uongo humfikishia mtu ambaye hakuwa ameusikia. Anza na ukweli ulivyo: "Ada ya muhula huu haijabadilika", kisha ndipo uitaje barua bandia inayosambaa. Ofisi nyingi hubandika muhuri mwekundu wa UZUSHI juu ya picha ya barua hiyo, na ni vizuri, ila uupitishe katikati ya maandishi. Ukiukalisha pembeni, mtu mmoja mwenye kidole chepesi ataukata na utakuwa umemsaidia mzushi kupata nakala safi. Pia usitoe kanusho kama picha tupu ya barua. Weka maneno yenyewe chini yake, ili yapatikane mtu anapoyatafuta na yasomeke kwenye simu yenye kioo kidogo.

Kuhusu majibu kwa mtu mmoja mmoja nina machache. Jibu lililonakiliwa hutambulika linapowekwa mara tatu chini ya chapisho moja. Mwite mteja kwa jina alilojiandika, tanguliza "ndugu" kama hujui umri wake, na usimwite "boss" wala "mpendwa" mtu aliyekuja amekasirika.

La mwisho ni orodha za namba. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Namba ambayo mteja aliitoa ili apelekewe mzigo si ruhusa ya kumtumia matangazo kila Ijumaa. Omba ruhusa hiyo kwa sentensi yake yenyewe, usiifiche ndani ya fomu ya usajili. Kila ujumbe wa tangazo uwe na njia ya kujiondoa inayoeleweka, kwa mfano "Kuacha kupokea, jibu ACHA", na kabla kampeni haijatoka lijaribu neno hilo kwa simu yako mwenyewe, kwenye kila mtandao mnaoutumia, kisha umuulize mtu wa mifumo akuoneshe kwamba namba yako imeondoka kweli kwenye orodha.