Barua kwa mwanangu: tangawizi haizuii homa, lakini ipike tu

Mwanangu, nimeona meseji yako ya usiku, ati baridi imeingia huko Leeds, kazini kila mtu anapiga chafya, na unauliza nilikuwa nawapikia nini mkiwa wadogo ndio msishikwe na homa, hii ya mafua. Sasa mimi ndio nauza tangawizi na kitunguu saumu hapa soko la Wakulima, na hizo ndio zimekulipia karo, kwa hivyo ningependa sana kukuambia zinakinga. Hazikingi. Mlikuwa mnashikwa kila mwezi wa saba, mmoja akileta kamasi kutoka shule wiki haijaisha nyumba nzima inakohoa, dawa ya tangawizi na limau mmekunywa na sweta mmevaa. 2020 korona ikiingia watu walikuja wakabeba limau na tangawizi yote sokoni, bei ikaruka, na mimi nikauza, singekataa pesa, lakini mwenye aliniuliza kama inazuia nilimwambia inapasha koo joto, basi.

Homa ni virusi, na viko aina zaidi ya 200, ndio maana ukipona hii unashikwa na ingine. Baridi inasaidia sana juu mnajifungia ndani madirisha yote yamefungwa mnapumuliana. Kwa hivyo nawa mikono na sabuni ukitoka kwa basi, usijishike pua na macho ovyo, na hata kama ni baridi fungua dirisha kidogo. Halafu lala. Babako alinisomea kwa simu utafiti wa Marekani uliotoka 2015, watu waliwekewa virusi vya homa puani makusudi, wakaangaliwa, na wale wanalala chini ya masaa sita walikuwa na uwezekano wa kushikwa kama mara nne kuliko wale wanalala zaidi ya saba. Nikafikiria wewe na hizo shifti zako za usiku halafu mchana uko WhatsApp. Na ile sindano ya flu, kama kazini wanawapatia, dungwa, hata kama hiyo ni ya flu peke yake si ya kila kamasi.

Hiyo vitamini D rafiki yako anakusukumia, kunywa, serikali yenyewe ya Uingereza inashauri maikrogramu 10 kwa siku, na sisi wa ngozi nyeusi mwaka mzima juu jua la huko ni la mapambo. Lakini ni ya mifupa na misuli, usitegemee ikukinge na homa.

Sasa dawa yenyewe, ya siku umeshikwa, juu kooni inasaidia na hata moyo unatulia. Chukua tangawizi kama kidole gumba, usiimenye, osha tu uiponde, weka kwa vikombe vitatu vya maji, moto mdogo, dakika kumi hivi. Epua. Ngoja ipoe mpaka unaweza kunywa ndio ukamue limau na uweke asali, si kwa sufuria ikichemka venye dadako hufanya akaharibu asali nzuri ya Baringo. Asali kwa kikohozi naiamini, hata madaktari wanaikubali, lakini usimwonjeshe yule mtoto wa mwenye nyumba wako, hajafikisha mwaka, asali inaweza kumletea ugonjwa mbaya sana. Kitunguu saumu ukitaka, kiponde ukiache kidogo kabla ya kula, nguvu yake hutoka kikishapondwa, ila ushahidi ni mdogo na harufu ni kubwa, na wewe kazini unahudumia wazee wa watu.

Koo ikiwasha, nusu kijiko kidogo cha chumvi kwa glasi ya maji ya vuguvugu, sukutua uteme. Kujifukiza kwa sufuria na blanketi kama shosho nyanyako na majani ya blugamu, yaani mkaratusi, hapana. Nimeona mtu akimwagikiwa na hayo maji. Fungua maji moto bafuni ukae kwa mvuke, inatosha.

Usisumbue daktari akupe antibayotiki, haziui virusi, huku ndio tunazinunua kama njugu. Na soma pakiti za dawa za homa, nyingi ziko na paracetamol tayari, ukiongeza zako juu yake unapita kipimo bila kujua, na mwisho ni vidonge nane vya miligramu 500 kwa masaa 24, zikiwemo hizo za ndani ya pakiti. Homa ya kawaida itakaa wiki moja au siku kumi hivi. Ukianza kushindwa kupumua ama kifua kikiuma vibaya, hapo usinipigie mimi, piga 999 ya dharura. Ikiwa joto tu limekataa kushuka, wale wa simu ya ushauri wa afya, 111, watakuelekeza.

Na hiyo chupa ya "kuongeza kinga" ya pauni 30 unataka kununua, nitumie picha ya nyuma yenye imeandikwa viungo kabla hujalipa.

Mamako