Hita imeandikwa wati 2000, mimi napata 1800: nimeuziwa feki?

Kwa wanaoingia sasa: ndugu mwenye uzi amenunua hita ya ndoo, ile ya kuchovya kwenye maji, imeandikwa 240V 2000W. Jioni, nyumbani mtaa wa Pipeline, Nairobi, akaipima: volti 228, ampea 7.9. Akazidisha, akapata wati 1801. Anauliza kama amepigwa, na omu (kipimo cha ukinzani, yaani jinsi waya unavyouzuia umeme) zinapatikanaje. Kuna aliyemshauri airudishe dukani.

Hujapigwa. Hesabu yako iko sawa, ila umeiachia njiani. Gawanya volti kwa ampea: 228 ÷ 7.9 ni omu 28.9 hivi. Huo ndio ukinzani wa koili yako. Sasa rudi kwenye maandishi ya hita. Pale una volti na wati, ampea huna, kwa hiyo zidisha volti kwa zenyewe halafu gawanya kwa wati: 240 × 240 ni 57,600, ukigawanya kwa 2000 unapata 28.8. Ni koili ile ile iliyoandikwa. Kilichopungua ni volti za ukutani.

Omu ni mali ya koili: urefu wa waya, unene wake na madini yake. Unatoka nazo dukani. Wati ni za koili pamoja na umeme inaolishwa. Volti zikishuka, mkondo (ampea) nao unashuka, na wewe unazidisha viwili vilivyopungua. Ndiyo maana volti zako zimepungua asilimia 5 tu lakini wati zimepungua karibu asilimia 10.

Nimekaa ghorofa ya sita huko huko Pipeline. Saa moja jioni kila mlango umewasha jiko la koili, mita yangu ilikuwa ikisoma volti 205. Chukua omu zako 28.8: ampea zinakuwa 7.1, wati 1459. Maji ya kuoga mtoto yalikuwa yanachemka mtoto ameshalala. Nikiamka saa nane usiku kupima, 241. Keteka, msimamizi wa jengo, alidhani nimechanganyikiwa.

Kuhusu tokeni za umeme usihofu. Lita 20 za maji kutoka nyuzi 18 hadi 45 zinahitaji kama uniti 0.63, hita iwe na kasi au ivute miguu. Kwa wati 2000 ni dakika 19, kwa 1800 ni 21. Unachopoteza ni dakika, na joto kidogo linalotorokea hewani ukisubiri.

Mambo yakigeuka upande wa pili ndipo utapata hasara, na hiyo imenikuta. Nilifunga shawa ya moto Roysambu, imeandikwa 220V 5500W. Nikahesabu haraka: 5500 ÷ 220, ampea 25. Nikaridhika. Lakini nyumba ile ilikuwa na 240 kamili. Omu za shawa ni 220 × 220 ÷ 5500, yaani 8.8. Ukiipa 240 inavuta ampea 27.3 na kutoa wati 6545. Zaidi ya wati elfu moja ambazo hazikuwa kwenye karatasi yangu! Waya uliokuwa ukutani ulikuwa wa milimita 2.5, ule wa soketi. Ningeng'oa niweke wa milimita 6, lakini mwenye nyumba alikuwa na haraka na mimi nilikuwa na njaa. Makosa ni yangu.

Wiki ya tatu nikaitwa. Swichi ya shawa ilikuwa na harufu ya plastiki iliyoungua, na skrubu moja ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia. Waya haukukazwa vizuri pale. Tuseme ukinzani wa pale ulikuwa omu 0.1 tu, kiasi ambacho mita ya kawaida haikionyeshi vizuri. Ampea 27.3 mara 27.3 mara 0.1 ni wati 75 hivi. Chuma cha kulehemu nyaya ninachotumia hakifiki hapo, na hizo wati 75 zote zilikuwa kwenye skrubu ndogo kama punje ya mahindi. Tangu siku hiyo, kabla ya kufunga shawa nahesabu omu kwanza, kisha napima volti za nyumba yenyewe.

Sasa tahadhari kidogo. Omu unapima kifaa kikiwa kimechomolewa, la sivyo utaaga mita. Ampea, kama unatumia mita ya kubana, bana waya mmoja peke yake. Ukibana kamba nzima, mkondo wa kwenda na wa kurudi unafutana na utasoma sufuri. Na usipime balbu ya zamani ya waya ikiwa baridi ukadhani umepata jibu: ya wati 60 ikiwaka ina omu 960, ikiwa baridi haifiki 100. Koili ya hita haibadiliki namna hiyo, ndiyo maana kwako hesabu imekubali. Friji na pampu mbali kabisa. Mota ukizidisha volti kwa ampea hupati wati halisi, unapata zaidi, na omu za kugawanya hazina maana yoyote.

Aliyekushauri uirudishe dukani, msamehe. Kesho saa nne asubuhi, majirani wakiwa kazini, pima volti tena hita ikiwa inafanya kazi. Andika volti tu hapa, ampea nitakutajia mimi kabla hujaziandika.