Leseni au mafunzo kwanza?

Umeuliza uanze na leseni au mafunzo ili uwe fundi wa kufuli na vitasa. Anza na mafunzo, lakini sheria ya unapoishi uiulizie mapema. Uingereza, kwa mfano, serikali haitoi leseni ya kazi hii, ila Marekani inategemea jimbo: California wanadai leseni na alama za vidole ili wakague kama una rekodi ya uhalifu. Kwa hiyo kama una kesi ya wizi, jua mapema kama itakuzuia.

Kozi fupi itakupa msingi tu. Mkono unazoeshwa na fundi mzoefu, kwa hiyo tafuta atakayekubali ukae naye. Nunua silinda chache za kawaida (sehemu ya kufuli inapoingia ufunguo), uzifungue na kuzirudishia mwenyewe. Ndani utakuta pini ndogo zilizopangwa mbili mbili, kila jozi na springi yake. Ufunguo sahihi unazipandisha zote mpaka maungio ya jozi hizo yakae kwenye mstari mmoja, ndipo silinda inazunguka. Ukilielewa hilo, kuchonga funguo na kubadilisha pini ili ufunguo wa zamani usifanye kazi tena hakutakusumbua sana. Funguo za magari zenye chipu ziache kwanza, vifaa vyake ni ghali.

Na tafadhali, kabla ya kumfungulia mtu mlango, hakikisha ana haki ya kuingia. Omba kitambulisho, andika jina na anwani. Akikataa, ondoka. Kazi hii watu wanakukabidhi usalama wa nyumba zao.