Supu ya miso inatoka chumvi tupu: tatizo ni dashi, si miso

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kwa nini supu yako ya miso inatoka chumvi tupu wakati miso (rojo la soya lililochachushwa kwa chumvi) uliyonunua ni nzuri, na kama dagaa na mwani wa Zanzibar vinaweza kushika nafasi ya vitu vya Kijapani.

La kwanza lina jibu fupi. Umekoroga miso kwenye maji ya moto. Miso hukoleza tu. Supu yenyewe ni dashi, yaani maji yaliyovuta utamu wa mwani wa kombu na samaki mkavu. Miso nyingi za kawaida zina chumvi ya asilimia 11 hadi 13, kwa hiyo ukiongeza miso ili kutafuta ladha, unachoongeza ni chumvi.

Dashi ya msingi ni hii: maji lita 1, kombu gramu 10, katsuobushi (samaki mkavu aliyekwanguliwa vipande vyembamba) gramu 20 hadi 30. Pima kwa mizani. Katsuobushi ni nyepesi mno, gramu 20 zinajaza bakuli kubwa, na wengi wakiona wingi ule wanaogopa na kutia nusu yake.

Kombu ni mwani mpana na mnene wa bahari baridi ya Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Ya Rishiri hutoa dashi angavu, ndiyo wapishi wa Kyoto wanayoipenda. Ya Rausu hutoa dashi nzito yenye rangi. Ya Hidaka huiva haraka na kulainika, kwa hiyo inafaa zaidi kupikwa na kuliwa yenyewe. Usiioshe kwa maji ya bomba. Ule unga mweupe juu yake si uchafu wala ukungu, una ladha. Ifute tu kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa. Iloweke kwenye maji baridi kwa dakika 30 au zaidi, na kama una nafasi kwenye friji, iache usiku kucha. Kisha iweke kwenye moto mdogo, maji yapate moto taratibu kwa kama dakika 10. Ukiona vipovu vidogo vinaanza kushika chini na pembeni mwa sufuria, itoe. Ikichemka ikiwa ndani, inaachia utelezi na harufu nzito ya mwani, na hapo hakuna namna ya kurudisha.

Kombu ikishatoka, chemsha maji, zima moto, mimina katsuobushi yote kwa pamoja. Usikoroge. Baada ya dakika 1 au 2 itazama yenyewe. Chuja kwa kitambaa safi na uache idondoke. Mkono uliozoea kukamua tui utatamani kukamua. Uzuie, maana ukikamua unapata uchungu, shombo na dashi iliyochafuka.

Kwa nini vitu viwili? Mwaka 1908 Kikunae Ikeda, profesa wa kemia Tokyo, aligundua kwamba utamu wa kombu unatokana na glutameti, akaupa jina la umami. Mwaka 1913 mwanafunzi wake Shintaro Kodama akapata kitu kingine kwenye katsuobushi, inosineti. Viwili hivi vikikutana, ulimi unapata ladha kali kuliko jumla ya kila kimoja peke yake. Ndiyo maana kuzidisha kombu maradufu ukaacha samaki hakukupi dashi ileile.

Sasa dagaa. Hapa nina habari njema. Katsuobushi hutengenezwa kwa samaki wa jamii ya jodari anayechemshwa, akakaushwa kwa moshi mara nyingi hadi akawa mgumu kama mti, na baadhi ya aina hupandwa ukungu maalumu kisha zikaanikwa juani kwa miezi. Hilo hulipati kirahisi kwetu. Lakini supu ya miso ya nyumbani Japani mara nyingi haipikwi kwa katsuobushi, hupikwa kwa niboshi: dagaa wa baharini waliochemshwa kwenye maji ya chumvi kisha wakakaushwa. Dagaa wa Zanzibar wanaochemshwa kwa chumvi na kuanikwa wanatengenezwa kwa njia hiyohiyo. Chagua wenye rangi ya fedha, wakavu kabisa, matumbo hayajapasuka. Wakiwa na rangi ya manjano au kutu tumboni, mafuta yameshaharibika na dashi itakuwa chungu. Walioanikwa mchangani waache kabisa.

Toa vichwa na matumbo, kwa sababu uchungu unakaa huko. Gramu 20 hadi 30 kwa lita 1, loweka angalau nusu saa, chemsha kwa moto mdogo dakika 5 hadi 10 huku ukiengua povu, chuja. Wakiwa wadogo kiasi cha kutowezekana kutumbuliwa, waloweke usiku kucha kwenye friji kisha wape moto wa dakika 2 tu. Onja kabla ya kutia miso, maana wa kwetu mara nyingi wana chumvi nyingi. Dagaa wa Ziwa Victoria siwapendekezi kwa kazi hii: kwa kawaida huanikwa bila kuchemshwa, na harufu yao inaifunika miso.

Mwani wa Zanzibar, hapana. Unalimwa kwa ajili ya karajinani, kitu cha kugandisha na kuongeza uzito kwenye vyakula viwandani. Ukiuchemsha utapata rojo, si dashi. Ukikosa kombu, afadhali uyoga mkavu wa shiitake: gramu 20 kwa lita 1, uloweke kwenye maji baridi ndani ya friji usiku kucha, halafu uupashe moto taratibu. Usiuharakishe kwa maji ya moto, ladha yake inapungua. Watawa wa Kibudha wasiokula samaki hutumia kombu na shiitake pamoja, na ni dashi nzuri sana.

Angalia na maji. Maji ya Japani kwa sehemu kubwa ni laini, yaani yana kalsiamu kidogo. Maji magumu ya kisima yanazuia kombu kutoa utamu wake, na yale yenye chumvi ndiyo kabisa. Kama bombani kwako yanatoka ya kisima, nunua ya chupa yenye kalsiamu kidogo.

Miso yenyewe: kijiko 1 cha chakula kwa kila bakuli la mililita 200, pungufu kidogo kama dagaa wana chumvi. Pika kwanza tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa) na mboga kwenye dashi, zima moto, yeyusha miso ndani ya upawa, rudisha sufuriani. Isichemke tena, harufu nzuri itapotea. Wakame kavu, mwani mwembamba wa kuliwa, tia gramu 1 kwa mtu, inavimba sana. Vitunguu majani mwisho.

Wanaokwepa kilevi wasome lebo: alama 酒精 maana yake imetiwa alkoholi ili miso isiendelee kuchacha ndani ya pakiti, na ziko nyingi za namna hiyo. Alama だし入り maana yake dashi imeshachanganywa humo, na mara nyingi ni ya samaki. Mwenye tatizo la tezi ya shingoni asitumie kombu kila siku bila kumuuliza daktari, kwani ina madini joto mengi mno.

Kombu na katsuobushi zilizotumika usitupe. Zichemshe tena kwenye maji nusu lita, moto mdogo, dakika 10. Dashi hiyo ya pili inatosha kabisa kwa supu ya miso, ile ya kwanza ibakize kwa supu angavu isiyotiwa miso. Baada ya hapo kata kombu vipande vyembamba, ipike kwa mchuzi wa soya na sukari kidogo hadi ikauke, ule na wali.