Nyama ya elki na joto la Septemba: kwa wawindaji wapya wa Colorado

Ndugu zetu mliohamia Marekani na mnaojiandaa kwenda Septemba kuwinda elki, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, kwa upinde milimani Colorado, fahamuni kwamba nyama huanza kuharibiwa na joto la mnyama mwenyewe, kabla jua na nzi havijaifikia. Elki dume huweza kuzidi kilo 300, na ngozi yake yenye manyoya mazito huhifadhi joto hilo kwa saa nyingi hata usiku ukiwa wa baridi kali.

Sehemu inayowahi kuoza ni paja la nyuma, ndani kabisa, pale mfupa unapoungana na nyonga. Kwa nje nyama huonekana safi, kumbe ndani imekwisha kuchacha. Kwa hiyo mchuneni mara mnapohakikisha amekufa, tenganisheni mapaja na mabega, kisha pasueni mnofu hadi kwenye mfupa au, mchana ukiwa wa joto, uondoeni mfupa kabisa. Jihadharini tu kwamba sheria ya Colorado hutaka ushahidi wa jinsia ya mnyama ubaki umeshikamana na nyama. Someni kanuni za mwaka husika kabla ya kushika kisu.

Kila kipande kitiwe katika mfuko wa kitambaa unaopitisha hewa, kitundikwe kivulini penye upepo bila kugusana na kingine, ikiwezekana bondeni kando ya kijito, ambako hewa baridi hutuama usiku. Jua likihama, nanyi ihamisheni nyama. Mfuko wa plastiki msiutumie kamwe nyama ikiwa bado ina joto, kwa kuwa hufungia joto na unyevu pamoja. Uso wa nyama ukikauka hufanya utando mgumu unaowatatiza nzi na bakteria, na ndiyo sababu siungi mkono desturi ya kuiosha nyama kijitoni: palipochafuliwa na kinyesi cha matumbo, pakateni mpatupe.

Mwezi huo dubu nao hula kwa pupa wakijiandaa kwa majira ya baridi. Tundikeni nyama angalau mita 100 kutoka kwenye mabaki ya mzoga, mahali mnapoweza kupachunguza kwa mbali kabla ya kupakaribia.

Garini nyama ikae katika kasha la barafu chini ya nyuzi 4 za Selsiasi, na maji ya barafu iliyoyeyuka yamwagwe kila mara ili isiloane.

Mimi huyapima haya yote kabla ya kuachia mshale. Elki dume mkubwa huweza kutoa zaidi ya kilo 80 za steki, yaani safari kadhaa za kubeba mgongoni, na sheria hairuhusu kuitelekeza nyama inayolika. Ikiwa mchana unapita nyuzi 20, gari liko mbali na niko peke yangu, humwacha mnyama aende zake.