Wageni wanasalimia kisha wanapotea: mradi wetu ubaki na njia ipi ya mawasiliano?

Swali: Tuko saba hapa Moshi, tunatengeneza programu huria ya kurekodi uzito wa kahawa na malipo ya wakulima kwenye AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika wa mazao). Tuna grupu la WhatsApp la watu 140, lingine la Telegram, tena Slack (programu ya gumzo la kikazi), na msimbo (code) uko GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kuandika msimbo kwa pamoja. Kila wiki wanaingia wageni, wengi wanafunzi wa vyuo vya Moshi na Arusha, wachache wako nje ya nchi. Wanasalimia, kisha kimya. Tubaki na njia ipi?

Jibu: Milango minne kwa wenyeji saba ni mingi mno. Mgeni anapiga hodi pale ambapo siku hiyo hakuna mtu. Kwa wachangiaji bakini na miwili, Telegram kwa maongezi na GitHub kwa maswali yanayohitaji jibu la kudumu. Slack ifungeni: kifurushi chake cha bure kinaonyesha ujumbe wa siku 90 zilizopita tu, kwa hiyo maelezo mliyoandika Machi, anayeingia Julai hayaoni.

WhatsApp ndiko wageni wengi wanakopotelea. Anayejiunga leo kwa kawaida haoni yaliyosemwa jana, basi anauliza lililokwisha kujibiwa mara kumi, na wenyeji wamechoka kulijibu. Halafu namba yake ya simu iko wazi kwa watu wote 140. Kwa mwanafunzi wa kike hilo si jambo dogo. Meseji za inboksi kutoka kwa watu asiowajua zinaweza kuanza jioni hiyo hiyo, naye ataondoka bila kuwaambia sababu.

Hata hivyo grupu hilo msilivunje. Karani wa AMCOS kule Kibosho au Uru yuko WhatsApp, na hatafungua akaunti ya GitHub ili aseme uzito haujahifadhiwa. Lifanyeni la watumiaji tu, na mmoja wenu awe na kazi ya kuhamishia GitHub kila tatizo linaloripotiwa mle: toleo la programu, aina ya simu, alichobonyeza, kilichotokea. Picha ya skrini yenye majina ya wakulima na fedha zao isipandishwe kabla ya kuzibwa majina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu hata kama programu ni ya bure, na mkulima hakuwapa taarifa zake ili zisomwe na dunia nzima.

Telegram inamruhusu mtu kuficha namba yake, na grupu linabeba hadi watu 200,000. Admini ahakikishe mambo mawili kwenye mipangilio: historia ya mazungumzo ionekane kwa wanachama wapya, maana kwenye grupu la faragha huweza kuwa imefichwa, na mada (Topics), yaani vyumba vidogo ndani ya grupu, ziwashwe. Mada tatu zinatosha: Karibu, Kusakinisha, Kazi. Mkiweka kumi, mgeni hajui aandike wapi, na asiyejua aandike wapi haandiki kabisa.

GitHub washeni sehemu ya Discussions, ambako jibu lililosaidia huwekewa alama na hata asiye na akaunti anaweza kulikuta kupitia Google. Hilo Telegram haiwapi. Swali likijibiwa vizuri kwenye gumzo, aliyejibu anakili jibu lake GitHub siku hiyo hiyo, kisha aweke linki. Akija mtu inboksi na swali la kiufundi, mwombeni ruhusa, liandikeni hadharani bila jina lake, mjibu pale, mmtumie linki.

Lakini hata grupu lililopangwa vizuri halimkaribishi mtu lenyewe. Pangeni zamu ya wiki moja moja. Mwenye zamu ajibu kila salamu ndani ya saa 24, hata kama ni kusema tu "nimekuona, nitakujibu kesho jioni". Amuulize mgeni mambo mawili, anatumia kompyuta au simu na ameshaandika msimbo wa lugha gani, kisha ampe kazi moja. Kazi hizo ziwe tayari: tatu hadi tano wakati wote, zenye lebo ya "good first issue" (kazi nzuri ya kuanzia) ambayo GitHub inaitambua, kila moja ikitaja faili la kugusa na namna ya kupima kama imekwisha. Ukimkaribisha mtu bila kazi mkononi, umemkalisha sebuleni na kumwacha peke yake. Nadhani hapo ndipo wageni wenu wengi wanapoishia.

Kwenye README, faili la maelezo linaloonekana mtu akifungua mradi GitHub, andikeni kwamba Kiswahili na Kiingereza vyote vinapokelewa, na anayeuliza kwa Kiswahili ajibiwe kwa Kiswahili. Saa za mikutano nazo zina mtego. Mkitangaza "saa 2 usiku", aliye ng'ambo atasoma saa nane usiku wa manane. Andikeni saa 2 usiku, yaani 20:00 ya Afrika Mashariki, 17:00 UTC (saa ya kimataifa). Mkutano wa maandishi ni bora kuliko wa video kwa anayehesabu bando.

Wekeni pia anwani moja ya barua pepe inayosomwa na watu wawili, kwa malalamiko ya usumbufu na taarifa za mianya ya usalama. Akisoma mmoja tu, siku analalamikiwa yeye hakuna pa kwenda.

Slack msiifute ghafla. Bandikeni tangazo lenye linki mpya, subirini mwezi mmoja, ndipo mfunge. Tarehe mosi ya kila mwezi mwenye zamu achukue simu ambayo haijajiunga popote, afungue README na kubonyeza kila linki ya mwaliko. Admini anaweza kubadilisha linki ya grupu na kusahau kuisahihisha kwenye README, na mgeni akikuta linki imekufa hana hata pa kuwaambia.