Kwa Maofisa Wapya wa Bajeti: Kabla Shilingi Haijashikwa

Ninyi mnaoanza kazi katika idara za sera na mipango za wizara zetu mtazoea haraka ukomo wa bajeti, na fungu, kifungu na kasma, yaani ngazi za kugawa matumizi hadi mstari mmoja mmoja, na mtajua kuandaa randama, yaani kitabu cha maelezo ya makadirio, ya kupeleka mbele ya kamati ya Bunge kabla ya mkutano wa Aprili. Lisiloandikwa katika mwongozo wowote ni namna ya kumwandaa waziri asimame Dodoma katika mwaka ambao fedha hazikutosha. Hilo nilijifunza nikiwa nimeketi na wataalamu wenzangu, tukipeleka vimemo mbele.

Mwaka mmoja, katika wizara ambayo sitaitaja, tuliandika kwamba mradi fulani "uko katika hatua za utekelezaji". Mbunge wa eneo hilo alikuwa ametoka huko siku chache kabla, na alijua kwamba mkandarasi alikwishaondoa mitambo yake kwa sababu hati zake za madai hazijalipwa. Kamati ya Matumizi, yaani Bunge zima likiketi kama kamati kupitisha makadirio, ilipofika kwenye mshahara wa waziri, mbunge huyo alishika shilingi, yaani alitoa hoja ya kupunguza mshahara huo kwa shilingi moja ili kumbana waziri atoe maelezo, wenzake wakasimama kumuunga mkono, nasi tukaandika vimemo ambavyo waziri alivisoma bila kuviamini. Jibu letu halikuwa la uongo, lakini lilikuwa limekwepa swali, na mbunge aliyetoka jimboni hulitambua jibu la namna hiyo kabla halijafika mwisho.

Mgeni wa kazi hii hudhani kwamba hatari kubwa ni bajeti kukataliwa. Ibara ya 90 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kupitisha Bajeti ya Serikali, na kila mbunge analijua hilo wakati anapoitwa kwa jina kupiga kura ya wazi. Kwa hiyo hasira ya wabunge hutafuta njia nyingine, nayo mara nyingi ni shilingi ya waziri. Katika hali ngumu ya uchumi, wanachouliza si kiasi mnachoomba bali kiasi kilichotolewa kati ya kile walichoidhinisha mwaka uliopita, hasa katika fedha za maendeleo, kwa kuwa mishahara na deni la Serikali hulipwa kwanza na upungufu wa mapato huangukia miradi. Kumbukeni pia kwamba ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, huwasilishwa bungeni mwezi huo huo wa Aprili, na msemaji makini atakuwa nayo mkononi akiwa ameikunja kwenye ukurasa wa wizara yenu.

Mfano mzuri wa kusoma ni mwaka 2022. Vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya mafuta, Serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia Juni, mwezi wa mwisho wa mwaka wa fedha, na bajeti ya 2022/23, iliyokuwa ya shilingi trilioni 41.48, ikabeba pia ruzuku ya mbolea. Ruzuku huelezeka kirahisi kwa mwananchi anayesimama kwenye kituo cha mafuta. Kazi ngumu ni kumweleza mbunge ambaye barabara yake imesogezwa mbele, kwa sababu shilingi iliyokwenda kwenye mafuta haiwezi pia kumwaga kifusi. Mtu huyo hatulizwi kwa kuambiwa habari za uchumi wa dunia, ingawa ni za kweli. Anataka kujua kwa nini barabara yake na si ya jirani.

Ndiyo maana, tangu kisa kile, nilikuwa naandaa ukurasa mmoja wa mambo tuliyoyaacha: kasma, kiasi kilichopunguzwa, nani aliamua, na robo ipi mradi utarudi. Wakubwa wengine waliuona kama kujishtaki. Mimi niliona kwamba waziri anayetaja pengo lake kabla ya kuulizwa humwachia mbunge swali dogo zaidi. Ukurasa huo uwekeni juu kabisa ya kabrasha, kwa sababu kimemo huchelewa kufika mbele, na Mwenyekiti wa Kamati hasubiri.